Kushindwa kwa Mikimbio Minne: Jinsi ya Kutafuta Chanzo katika Daftari la Alama

Mwongozo huu unamhusu nahodha, kocha au karani wa klabu ya kriketi ya ridhaa ambayo imepoteza mechi kwa tofauti ndogo katika siku ambayo timu zote mbili zilishindwa hata kufikisha mikimbio (alama za kriketi) mia moja. Nimeshika daftari la alama la klabu yetu hapa Kampala kwa misimu mingi, na mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni mechi yetu wenyewe ya ova 20 (ova moja ni mipira sita halali) iliyochezwa Entebbe, mahali ambapo upepo wa ziwa huingia uwanjani kila alasiri. Wapinzani walitolewa wote kwa mikimbio 97 katika ova 18 na mipira 5. Sisi tulitolewa kwa 93 katika ova 19 na mipira 4.

Jioni ile kila mtu alikuwa na jibu lilelile: kijana wetu anayepiga wa kumi na moja, yaani wa mwisho, alipiga mpira juu akadakwa, basi tukashindwa. Jibu hilo ni jepesi mno. Mechi ile ilikuwa na mikimbio 190 na mipira halali zaidi ya 230, na pengo la mikimbio minne lingeweza kuzibwa mahali pengi, mengi kati yake yakiwa mbali kabisa na mpira ule wa mwisho. Kazi ya mtafuta chanzo ni kupata yale ambayo, yasipotengenezwa, yatarudi Jumamosi ijayo.

Hakikisha kwanza kwamba mlishindwa

Hatua hii hurukwa na karibu kila klabu, ingawa haichukui zaidi ya dakika kumi. Jumlisha mikimbio ya wapigaji wote na uongeze mikimbio ya ziada. Jibu lazima lilingane na jumla ya timu. Kisha pita njia ya pili: jumlisha mikimbio iliyoandikwa dhidi ya kila mrushaji, ukikumbuka kwamba waidi (mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji) na noboli (mpira uliorushwa kinyume cha sheria) huhesabiwa kwake, lakini mikimbio inayopatikana mpira ukipita bila kuguswa na gongo, au ukigonga mguu wa mpigaji, haihesabiwi kwake na huongezwa pembeni. Njia hizo mbili zisipokutana, kuna kosa, na katika mechi ya tofauti ya mikimbio minne kosa la kalamu linaweza kuwa ndilo lililoamua mshindi. Makarani wa timu zote mbili wanapaswa kulinganisha madaftari mwishoni mwa kila ova, wala wasingoje mwisho wa mechi, kwa sababu hakuna anayekumbuka mpira wa tatu wa ova ya saba baada ya saa mbili.

Tazama pia mikimbio mifupi. Mpigaji anayegeuka kukimbilia mkimbio wa pili bila kugusisha gongo au mwili wake nyuma ya mstari hunyimwa mkimbio huo, na mwamuzi humjulisha karani kwa kugusa bega lake kwa ncha za vidole. Sisi tulikatwa mmoja namna hiyo. Daftari letu lililingana, kwa hiyo tulishindwa kweli.

Dalili: wapinzani walikuwa 61 kwa wiketi 8, wakafika 97

Wiketi ni mpigaji aliyetolewa, kwa hiyo 61 kwa wiketi 8 ni mikimbio 61 huku wapigaji wanane wametolewa. Wiketi mbili za mwisho zilipoleta mikimbio 36 katika mechi ambayo wiketi nane za mwanzo zilileta 61, usianze kuwasifu warushaji kwa kuwatoa wote chini ya mia. Angalia safu ya warushaji. Katika mechi ya ova 20 kila mrushaji anaruhusiwa ova 4 tu, na daftari letu lilionyesha kwamba mrushaji wetu bora wa mpira wa kuzunguka alirusha 3 na mwenzake wa kasi alirusha 2. Nahodha alikuwa anawatunza kwa ova ya kumi na tisa na ya ishirini, na wapinzani wakaisha kabla ya ova ya kumi na tisa kumalizika. Waswahili husema akiba haiozi, lakini ova ya mrushaji bora isiyorushwa huoza siku hiyohiyo.

Chanzo cha pili cha dalili hii hakionekani kwenye daftari moja kwa moja, ila kinaweza kukisiwa. Ukikuta mpigaji mmoja mzuri aliyebaki na wenzake wa mwishomwisho amepata mikimbio mojamoja mingi, na kila mara ni kwenye mpira wa tano au wa sita, ujue kwamba nahodha alitawanya wachezaji wake hadi mpakani ili kumnyima nne, yaani mikimbio minne ya mpira unaofika mpakani, naye akaichukua zawadi ya mkimbio mmoja na kubaki na zamu ya kupiga katika ova iliyofuata. Mpango wa kumpa mkimbio mmoja mwanzoni mwa ova ili umshambulie mwenzake dhaifu una maana. Kumpa mkimbio huohuo mwishoni mwa ova ni kumfungulia mlango. Katika mipira miwili ya mwisho wachezaji wasogee karibu, hata kama moyo wa nahodha unadunda.

Dalili: misalaba mingi kwenye safu ya warushaji

Karani huandika waidi kwa alama ya msalaba na noboli kwa duara. Nilipofungua ukurasa ule Jumapili asubuhi niliona misalaba 14 na maduara 2, na nilisikia aibu kidogo, kwa sababu niliichora mwenyewe mmojammoja bila kutambua kwamba ilikuwa inaongezeka hivyo. Hiyo ni mikimbio 16 ambayo hakuna mpinzani aliyetoa jasho kuipata, ukiacha mingine 5 ya ziada ya aina nyingine. Wala gharama haiishii hapo: kila waidi na kila noboli hurudishwa kwa mpira mwingine, na nilipohesabu mikimbio iliyopigwa kwenye mipira ya saba, ya nane na ya tisa ya ova zile, nilipata 9 zaidi. Tulishindwa kwa 4.

Kujua idadi hakutoshi, kwa kuwa waidi ni kama homa: inatokana na magonjwa mengi tofauti. Tazama imekaa wapi. Ikiwa imerundikana kwa mrushaji mmoja katika ova zake zote, shida iko kwenye hatua zake za kukimbilia. Apime upya umbali wake, aweke alama, na mazoezini awe na mtu wa kutazama mguu wake unapotua, kwa maana mara nyingi noboli na waidi za mrushaji mmoja hutoka kwenye hatua zilezile. Ikiwa imetoka kwa warushaji tofauti waliorusha kutoka upande mmoja tu wa uwanja, shuku upepo au mteremko, na ubadilishe pande. Ikiwa ilianza baada ya manyunyu, shuku mpira uliolowa. Sheria inaruhusu kuukausha kwa kitambaa kilichokubaliwa na waamuzi, na inashangaza jinsi timu chache zinavyokumbuka kubeba kitambaa katika nchi ambayo mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hukatiza nusu ya msimu.

Yetu haikuwa na sura yoyote kati ya hizo. Misalaba 9 kati ya 14 ilikuwa katika ova ya kwanza ya kila mrushaji aliyeingia, bila kujali ni nani wala anarusha kutoka upande gani. Nilipoiona sura hiyo nilikumbuka nilichokiona kwa macho kutoka mezani kwangu bila kukielewa: nahodha alikuwa akimwita mrushaji mpya kwa kupunga mkono, yule anatoka mpakani alikosimama robo saa nzima huku amekumbatia mikono yake, anavua sweta, anampa mwamuzi kofia, na mara moja anarusha mpira wa kwanza ukiwa umepotelea upande wa miguu ya mpigaji. Bega lilikuwa baridi. Dawa yake ni ndogo kuliko hata jina lake: mrushaji aambiwe ova mbili kabla ya zamu yake, asogezwe mahali ambapo anaweza kuzungusha mkono na kumrushia mwenzake mipira michache ya kutegea. Waidi za aina hii hazihitaji kocha.

Ikiwa wachezaji wako wanadhani kurusha kwa nidhamu ni jambo la warushaji wasio na uwezo wa kasi, wakumbushe Guyana, tarehe 5 Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, ambako Frank Nsubuga akiwa na umri wa miaka 43 aliirushia Papua New Guinea ova 4, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Hakuna aliyewahi kumwita Nsubuga mrushaji wa kasi.

Dalili: mlihitaji mikimbio mitano kwa ova, mkaanza na mitatu

Lengo letu lilikuwa 98, yaani chini kidogo ya mikimbio 5 kwa kila ova. Baada ya ova 6 tulikuwa na 17 kwa wiketi 1. Baada ya ova 10 tulikuwa na 38 kwa wiketi 2, na baada ya 14 tulikuwa na 60 kwa wiketi 3. Kwa anayetazama ubao tu hakuna kitu cha kutisha hapo. Mikimbio 38 katika mipira 36 na wiketi 7 mkononi ni hesabu ambayo nahodha yeyote angeikubali. Lakini tulitumia dakika za raha kulimbikiza deni la dakika za shida.

Hapa kipimo ni mipira mikavu, kama tunavyoiita mipira isiyoleta mkimbio wowote. Chora nukta zake kwa kila ova. Sisi tulikuwa na 67 kati ya mipira 118, na 25 kati yake ilikuwa ndani ya ova 6 za mwanzo, wakati ambapo wapinzani hawakuruhusiwa kuweka zaidi ya wachezaji wawili nje ya duara lililochorwa uwanjani. Nne zilipigwa mbili, na mikimbio mojamoja tisa. Wapigaji wetu walikuwa wanasubiri mpira mbaya ili waupige hadi mpakani kwenye nyasi zilizolowa na kurefuka, ambako mipira miwili mitatu iliyopigwa vizuri kabisa ilikufa hatua kumi kabla ya kamba. Katika uwanja wa namna hiyo nne ni bahati, na riziki ni mkimbio mmoja: mpira unaoguswa kwa mikono laini na kuanguka mbele ya mchezaji aliyesimama mbali.

Hata hivyo, usikimbilie kulaumu kila mpira mkavu, kwa sababu dalili hii moja ina magonjwa mawili yanayohitaji dawa zinazopingana. Siku ileile ya Guyana, Uganda ilikuwa ikiwinda mikimbio 78 tu, nayo ikapoteza wiketi 5 ikiwa na mikimbio 26. Riazat Ali Shah alikaa mipira 56 akapata 33, mwendo ambao katika mechi ya kawaida ya ova 20 ungemfanya azomewe, na Uganda ikashinda ikiwa imebakiwa na wiketi 3. Mipira yake mikavu ilinunua kitu, kwa kuwa wiketi zilikuwa zimekwisha na mipira ilikuwa mingi. Siku nne baadaye, mjini New York, Pakistan iliikimbiza India iliyopata 119, ikafika mahali pa kuhitaji mikimbio 48 katika mipira 48 ikiwa na wiketi 8 mkononi, na ikashindwa kwa mikimbio 6 huku ikiwa bado na wiketi 3 mkononi. Mipira mikavu ya siku ile haikununua chochote.

Kwa hiyo jiulize swali hili kwa kila fungu la ova: wakati ule tulikuwa tunapungukiwa na wiketi au na mipira? Kama ni wiketi, nukta zisameheni. Kama wiketi zilikuwepo na bado nukta zimejaa, chanzo kiko kwenye fikra ya wapigaji wa mwanzo kwamba lengo dogo linajifikia lenyewe. Mmoja wetu alisema hivyo kwa mdomo wake wakati wa chai, huku ameshika sambusa: "Tisini na nane? Tutafika bila hata kutoka jasho." Nililiandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli.

Dalili: mpigaji aliyekwisha kuzoea uwanja ametolewa akikimbia

Tulikuwa na 66 kwa wiketi 3 katika ova ya kumi na sita wakati mpigaji wetu aliyekuwa amefikisha mikimbio 28 alipotolewa akikimbia, na kutoka hapo wiketi 6 zilizobaki zilileta mikimbio 27 tu. Daftari huandika tukio kama hili kwa maneno mawili, na maneno hayo hayasemi chochote kuhusu chanzo. Lazima uwaulize wote wawili, kila mmoja peke yake, na kabla hawajapatana hadithi moja.

Chanzo chetu kilikuwa cha lugha. Mpigaji aliyekuwa anakabili mpira ni mtu wa Masaka. Mwenzake alikulia Mombasa. Mpira ulichomoka kuelekea kwa mchezaji wa mbele upande wa kulia, yule wa Mombasa akaanza kukimbia, na yule wa Masaka akapiga kelele: "Linda!" Kwa Kiganda neno hilo maana yake ni subiri. Kwa Kiswahili, kama kila msomaji ajuavyo, ni kuhifadhi kitu kisidhurike, na mwenzake, aliyekuwa tayari amefika nusu ya njia ya mita 20, alielewa kwamba anaambiwa akailinde wiketi (vijiti) ya mbele. Akaongeza mbio. Wakajikuta wawili kwenye mstari mmoja wakitazamana, na mdaka wiketi wa wapinzani alikuwa na muda wa kutupa mpira upande wa pili kwa utulivu wa mtu anayetupa ganda la ndizi.

Katika klabu za Uganda, ambako timu moja inaweza kuwa na wasemaji wa Kiganda, Kigujarati, Kiswahili, Kisoga na Kiingereza, jambo hili hutokea mara nyingi kuliko linavyosemwa. Dawa ni kukubaliana maneno matatu, na kuyachagua kwa masikio. Sisi kwanza tulichagua "njoo" na "ngoja", tukagundua mazoezini kwamba kwenye upepo ni neno moja. Sasa tunatumia "twende", "rudi" na "tazama", ambayo hata yakisikika nusu hayachanganyiki. Tulikubaliana vilevile juu ya nani huita: anayeuona mpira mbele yake ndiye huita, na mpira ukienda nyuma yake mwenzake huita. Kanuni hii ni ya zamani, ila kanuni isiyofanyiwa mazoezi ni sawa na isiyokuwepo.

Dalili: mpigaji wa mwisho amedakwa

Hii ndiyo dalili ambayo kila mtu huiona, na mara nyingi ndiyo yenye manufaa madogo kuliko zote. Agosti 1882, kwenye uwanja wa Oval mjini London, Uingereza ilihitaji mikimbio 85 kuishinda Australia, ikafika 51 kwa wiketi 2, kisha ikaisha kwa 77 na kushindwa kwa mikimbio 7. Mpigaji wa mwisho, Ted Peate, alitolewa akijaribu kupiga kwa nguvu huku Charles Studd, mpigaji bora kuliko yeye, akiwa amesimama upande wa pili bila kukabili hata mpira mmoja. Peate alibeba lawama. Lakini wiketi zilizoporomoka kabla yake hakuziangusha yeye, na wala si yeye aliyerusha kama Fred Spofforth, aliyechukua wiketi 14 katika mechi ile.

Hata hivyo niliuchunguza mpira wetu wa mwisho, kwa kuwa mwongozo usiochunguza jambo linalozungumzwa na wote hautaaminiwa. Tulihitaji mikimbio 5 katika mipira 3, na upande wa pili kulikuwa na mpigaji mwenye mikimbio 19. Mkimbio mmoja ungempa yeye mipira miwili. Nilimwuliza kijana kwa nini alitafuta mikimbio sita kwa pigo moja.

"Mzee, nilidhani umebaki mpira huu na mwingine mmoja," akasema. "Na ubao ulikuwa unasema themanini na tisa."

Alikuwa anasema kweli. Ubao wetu ni wa bati, namba zake zinatundikwa kwenye misumari, na mtoto anayezitundika huzibadilisha mwisho wa kila ova, si baada ya kila mpira. Katika ova ile ya mwisho tulikuwa tumepata mkimbio 1, mpira mkavu na mikimbio 3, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefika ubaoni. Mimi ndiye niliyekuwa na hesabu sahihi mbele yangu, meta sabini kutoka kwake, na sikutuma mtu. Kosa hilo liko kwenye meza ya karani, na nimeliandika hapa bila kulipunguza. Katika ova mbili za mwisho ubao ubadilishwe kila mpira, na mchezaji wa akiba awe tayari kupeleka maji au glavu pamoja na ujumbe, mwamuzi akiruhusu.

Uwanja, mkeka na giza

Timu zote mbili zikikomea chini ya mia, uwanja huwa na sehemu yake, na mkeka ukitandikwa badala ya nyasi mpira hudunda juu zaidi na kuzunguka kwa ukali. Lakini sababu inayowahusu wote wawili haielezi tofauti ya minne, kwa hiyo usikae hapo muda mrefu. Giza ni jambo jingine, maana humpata anayepiga wa pili peke yake. Mechi yetu ilichelewa kuanza kwa dakika 50 kwa sababu gari lililobeba magongo na pedi lilikwama kwenye msongamano wa barabara ya Entebbe, na ova zetu za mwisho zilichezwa jua likiwa limebakiza kidogo kuzama. Ikiwa timu yako hushindwa mara kwa mara katika zamu ya pili, andika saa ya kuanza kwa kila mechi kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Ukishapata vyanzo

Usivisome jioni ya mechi, wakati watu wanakula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kila sikio liko moto. Sisi tulikaa Jumanne baada ya mazoezi, juu ya rola ya kusawazishia uwanja, nami nikasoma mambo mawili tu: misalaba 9 ya mabega baridi na nukta 25 za ova sita za mwanzo. Jambo la ubao nililishughulikia mwenyewe. Kijana wa kumi na moja alihesabu misalaba yote kwa kidole, kisha akanirudishia daftari bila kusema kitu.

Katika mechi iliyofuata waidi zilikuwa 6, na hakuna hata moja iliyotoka katika mpira wa kwanza wa mrushaji mpya. Mipira mikavu ya ova sita za mwanzo ilikuwa 21, ambayo bado ni mingi mno, na wiketi 9 zilikuwa mkononi.